Mafundo ya Muhogo

Sikuwa na kichwa cha kupanga kazi. Niliacha shule darasa la tano, na sitaki kusema ni vita iliyonifanya msahaulifu, maana hata kabla yake nilikuwa naunguza sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Lakini tulishuka mji wa Baraka kutoka vilima vya Fizi, mume wangu akaenda kutafuta dhahabu Lulimba, na njia ikafungwa nyuma yake. Kazi zote zikaniangukia, nami masikio yangu yalikuwa barabarani muda wote. Nilichota maji mara mbili na kusahau kuni. Zaidi ya yote niliogopa muhogo.

Muhogo wetu ulikuwa ule mchungu. Usipokaa majini siku zake nne, una sumu. Kwa jirani waliutoa mapema kwa njaa, na msichana wao miguu ikakakamaa. Hakutembea tena sawasawa.

Basi nikatengeneza mpango wangu. Kila kazi niliipa kitu chake: kifuniko cha bidoni, dumu letu la kuchotea, kilikuwa maji, kijiti kilikuwa kuni, gunzi lilikuwa kupalilia. Asubuhi vyote vilikaa kushoto kwa mlango. Kazi ikiisha, kitu kinahamia kuume. Muhogo haukuwa kazi ya siku moja, kwa hiyo kwenye mshikio wa pipa nilimouloweka nilifunga uzi wa gunia, na kila jioni nikapiga fundo. Mafundo manne, unatoa.

Sijui kama nilibuni mwenyewe. Labda niliona mahali. Ila jioni ya kwanza, vitu vyote vikiwa kuume, nilikaa kwenye kizingiti nikavitazama nikashangaa. Kumbe mzigo wote ule uliokuwa unaninyima usingizi ulikuwa kifuniko na gunzi.

Mama mkwe, niliyekuwa nikiishi naye, alicheka.

"Batu watasema tuko tunaroga," akaniambia. "Yule mama wa pale amezunguka nyuma ya nyumba, anaogopa kuruka gunzi yako."

"Ni kazi zangu, mama."

"Kazi iko mu mikono. Ya kwako iko mu takataka."

Kwa haki niseme, alinisaidia kuliko alivyonicheka. Mikono yake ilijua kila kitu. Ni siku tu zilizomponyoka, tangu alipougua homa kali. Aliweza kuniuliza kama leo ni Jumapili, nikamjibu, naye kabla hajafunga kitambaa kichwani akauliza tena.

Halafu alfajiri moja risasi zikaanza kulia karibu, watu wakakimbilia rasi ya Ubwari. Mama mkwe akakaa chini.

"Mi nilishakimbia vita ya zamani, nikakimbia na ile ingine. Hii ikimbie yenyewe. Beba batoto."

Shemeji yangu alikuwa na baiskeli, lakini ilibeba mke wake mjamzito na watoto wao, simlaumu. Niliondoka na wangu. Tulikuwa tumeshafika ziwani nilipokumbuka pipa. Nyumbani hakukuwa na chakula kingine, na uzi ulikuwa na fundo moja tu.

Kule Ubwari sikuwaza askari kama nilivyowaza ule uzi. Mtu anayeuliza Jumapili mara mbili atajuaje fundo alilopiga na lile ambalo bado? Anaweza kupiga yote asubuhi moja, akatoa, akala. Nilikuwa namwona chini, miguu imekakamaa, na nyumba haina mtu.

Kulipotulia tukarudi. Toka mbali niliona weupe kwenye mkeka mbele ya nyumba: muhogo umeanikwa. Sikufurahi. Nilijua tu kwamba ameutoa. Nikakimbia, mtoto akirukaruka mgongoni.

Alikuwa ameketi jikoni, anatwanga. Askari walikuwa wamepita. Wa upande gani hakujua, nami siandiki nisichojua. Walichukua sufuria na mbuzi, wakamwachia muhogo. Kifuniko changu na gunzi alikuwa amevitupa mwenyewe.

"Mama, uliutoa lini?"

"Kisha mafundo kufika ine."

"Na ulijuaje kama fundo la siku umeshalipiga?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa ujinga.

"Mi siko na kichwa ya kukumbuka, najua. Ile kuku mubaya, yenye baaskari walikataa, inaingia kulala mara moja tu. Ikiingia, napiga fundo, nafunga mulango yake. Nikikuta mulango imefungwa, nimeshapiga. Kuku haiingie mara mbili."

Nikavunja kipande cha muhogo, nikanusa. Ulikuwa umeiva vizuri, unavunjika kama chaki. Niliingiwa na woga, ule wa kanisani, si ule wa risasi. Mpango wangu ulikuwa wa mtu anayesahau kazi, mwenye siku zake zote. Huyu alikuwa hana hata siku, yuko peke yake, mlio wa risasi nje, na alikuwa amekaa akatafuta kitu kimoja kisichoweza kumdanganya.

"Umeshakula?"

"Nilikula jana. Na leo. Ao ilikuwa jana tena."

Sikuweza kuacha kumtazama chini.

"Unatazama nini?"

"Miguu, mama."

"Iko mbili," akasema.

Akaweka mchi pembeni, akainuka bila kushika ukuta, akachukua bidoni aende kutafuta maji ya bugali. Alipopinda kona ya nyumba nikatoka nje haraka ili nizidi kumwona. Alikuwa anatembea sawasawa, na alikuwa ananung'unika kwamba jua limekuwa kali.