Somo la Mvuke Jikoni kwa Mama Mdogo

Harufu ya maua ya langilangi ikinipitia njiani, hata ikiwa ni kwenye shingo ya mtu nisiyemjua, mimi hucheka peke yangu. Wengine huwakumbusha harusi. Mimi hunikumbusha mtihani wa fizikia.

Nilizaliwa Mutsamudu, kisiwani Nzuani, na chuoni, kwenye Kurani, nilikuwa moto wa kuotea mbali. Fundi, ndivyo tunavyomwita mwalimu kwetu, akisoma aya mara chache tu, nimeshaishika. "Kilichomo kichwani hakiibiwi," alituambia, nasi tukayumba mbele na nyuma tukikariri mpaka koo zikakauka. Basi nilipoingia skuli ya Kifaransa, sayansi nayo niliisoma vivyo hivyo: macho nimefumba, mwili unayumba, somo zima linatiririka bila kukwama. Sikujua njia nyingine, na kusema kweli nilijiona hodari.

Kisha kisiwa chetu kikatangaza kujitenga na visiwa vingine vya nchi yetu. Skuli zikafungwa, na mwaka huo ndio niliotakiwa kufanya mtihani wa kuingia lise, yaani skuli ya juu. Baba akanipandisha boti kwenda Moroni, kisiwani Ngazija, kwa Mama Mdogo, mdogo wake mama, aliyeolewa na karani wa huko.

"Ukifaulu, utaendelea kusoma hukohuko," aliniambia. "Ukianguka, mwanangu, sina pengine pa kukupeleka."

Fundi wa fizikia wa Moroni alikuwa mtu wa Ntsoudjini, mpole lakini hapitwi na kitu. Siku ya kwanza tu alinisimamisha nieleze maji yanavyogeuka mvuke. Nikafumba macho, nikayumba, nikamwaga somo lote kwa Kifaransa safi, pamoja na yale maneno ya kitabuni: "tazama mchoro hapo juu."

"Mchoro uko wapi, mwanangu?" akauliza.

Darasa zima likainua macho kutazama dari, kisha likaangua kicheko. Fundi akanyamazisha watu, akaniuliza kwa nini kifuniko cha sufuria hutoka jasho. Nikarudia somo tangu mwanzo, maana nilikuwa na hilo tu.

Mtihani wa majaribio nilianguka vibaya. Lafudhi yangu ya Nzuani ilichekwa, redio kila jioni ilileta habari za kwetu zisizofurahisha, na mimi nikafunga mdomo. Hata nyumbani nilijibu kwa kutikisa kichwa.

Mama Mdogo alikuwa na binti wa rika langu, Zaina. Alasiri moja tulikuwa jikoni tukikuna nazi, akaniuliza ghafla manukato yanatokaje kwenye ua. Nilitaka kunyamaza kama kawaida, lakini hilo nililijua tangu utoto. Nyuma ya nyumba ya bibi yangu, Ouani, palikuwa na mtambo wa langilangi. Nikamweleza: maua yanatiwa ndani ya pipa pamoja na maji, moto unawashwa chini, mvuke unapanda na harufu yake, unapita ndani ya bomba lililozamishwa katika maji baridi.

"Kwa nini baridi?"

"Ili mvuke uchoke, urudi kuwa maji."

"Na mafuta, mbona hayapotei humo?"

"Ni mepesi, wewe! Yanaelea, unayaengua."

Nikaacha kukuna. Lile ndilo somo! Yale maneno ya Kifaransa niliyoyabeba kichwani muda wote yalikuwa yakizungumzia pipa la bibi.

Tangu hapo Zaina hakunipa nafasi. Kila somo "kwa nini?", kila jibu "enhe, na kisha?" Mimi nikieleza kwa lugha ya Nzuani, yeye akinirudishia kwa ya Ngazija, na nikikwama tunafungua kitabu. Kifaransa tulikitia mwisho, kama chumvi. Alinichosha, lakini nilianza kulala vizuri.

Siku ya mtihani nikakuta swali: bilauri ya maji ya barafu iko mezani, kwa nini inaloa nje? Nikapekua kichwa chote, jibu lake sikulikuta. Kisha nikajiuliza kama Zaina: kwa nini? Hewani mna mvuke. Bilauri ni baridi, kama bomba la bibi. Nikaandika mpaka kalamu ikanitelezea vidoleni.

Majina ya waliofaulu yalisomwa uani. Langu lilipotajwa, nikakaa chini vumbini na sare yangu nyeupe, nikicheka. Mama Mdogo alipiga vigelegele kana kwamba ninaolewa. Simu ya Mutsamudu ilipokubali hatimaye, baba alisema "Alhamdulillahi" tu, kisha nikasikia anavuta kamasi.

Miaka mingi baadaye, siku Zaina alipokuwa akipakwa hina ya harusi yake, nilimshukuru mbele ya wanawake wote kwa kunifundisha kusoma. Akacheka.

"Kusoma gani? Somo la mvuke nililielewa darasani, na manukato hayakunihusu. Siku ile Mama alikuwa akilia chumbani. Aliniambia, 'Mtoto huyu hasemi tena. Muulize chochote cha kwao, mradi aseme.'"

Nilimtazama Mama Mdogo. Alikuwa amejishughulisha na bakuli la hina, kana kwamba hakusikia. Nikaenda nikamkumbatia pale pale, na bakuli lake mkononi, nikalia kilio ambacho mwaka ule sikuwahi kukilia.