Yunisi wa Bangwe na kompyuta anayoipoza kwa maji

Saa nane mchana, jua limeyakalia mabati ya Bangwe, Kigoma, na Yunisi Feliksi ameshika mpira mwembamba unaotoka ubavuni mwa kompyuta yake. Ndani ya mpira maji yanapita. Yana uvuguvugu tu.

"Ikizimika leo, imeuzwa," anasema. "Lakini haizimiki."

Anayesubiri kuiuza ameketi mlangoni. Ni kaka yake, Thobias, mchuuzi wa dagaa, aliyechangia nusu ya bei ya mashine hiyo. Mnunuzi tayari anaye, mwenye ukumbi wa magemu mjini. Sharti Thobias amelitoa: ikizimika tena katikati ya kazi ya mteja, mashine inauzwa.

Mteja naye yupo. Klementina, muuza mawese wa Kidahwe, amekuja kuitazama nyumba yake, ambayo mpaka leo ni kiwanja chenye magugu.

Hiyo ndiyo kazi ya Yunisi, mwenye miaka 26: kumwonyesha mtu nyumba kabla haijajengwa. Anaichora kwa kompyuta, kisha anatengeneza video inayomtembeza mwenyewe kutoka kibarazani hadi jikoni, jua likiingia dirishani. Video moja humpa shilingi laki mbili. Hatua ya mwisho ya kugeuza mchoro kuwa video, wenyewe huiita kurenda, huikamua kadi ya picha, sehemu ya kompyuta inayochora picha, kwa saa kadhaa bila kupumua. Joto likizidi, kompyuta hujizima yenyewe.

Kadi yake ni ya mtumba, feni zake zimechoka. Alipouliza Dar es Salaam bei ya mfumo wa kuipoza kwa maji, alitajiwa zaidi ya laki sita.

"Nikasema sitoi. Kwani ni kitu gani? Maji, mpira, pampu na rejeta. Kigoma tunakosa kipi hapo?"

Hakukosa. Pampu ndogo aliipata kwa watu wanaotunza samaki wa mapambo kwenye matangi kabla ya kuwasafirisha nje. Rejeta ilitoka kwenye hita ya gari bovu. Mpira ni ule ule wa waashi, wa kupimia usawa wa ukuta. Heritier, fundi rejeta wa Ujiji ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya ziwa, alimchongea kipande cha shaba chenye vijia vya maji, kikalazwa juu ya kadi. Vyote, elfu themanini na tano.

Mtaa ukacheka, Thobias akiwa mbele.

"Wenzako wananywesha ng'ombe, wewe unanywesha kompyuta!"

Yunisi aliendelea kurenda.

Kosa lilikuwa mahali ambapo mtu wa Bangwe hawezi kulitafuta. Alikuwa amejaza maji ya ziwa.

"Mimi nimezaliwa hapa. Ukiniambia maji, najua ni ya ziwa. Yale unaona mpaka mawe ya chini! Ningeyashuku vipi?"

Mwezi wa pili wa kutumia maji hayo, kompyuta ikazimika mbele ya Klementina, video ikiwa imefika sebuleni. Heritier alipoifungua ile shaba, alikuta vijia vimezibwa na chokaa nyeupe.

"Dada, kwenu hamuna birika?" alimuuliza.

Walikuwa nalo, na chini lina ukoko huo huo wa chokaa ya maji ya ziwa, kama mabirika yote ya mwambao. Yunisi alikiloweka kipande hicho katika maji ya limau mpaka chokaa ikaachia, akakisuuza, akajaza maji yaliyosafishwa ya kuongezea kwenye betri, yasiyo na tindikali wala chokaa.

Ndiyo yanayozunguka sasa. Kwenye kioo joto limefika nyuzi 68, likagoma kupanda.

"Imefika wapi?" Thobias anauliza.

"Jikoni."

"Mara ile ilifia sebuleni."

"Kaka, umekuja kuona nyumba au umekuja msibani?"

Klementina anacheka mpaka kanga inamteleza begani. "Mwache mwanangu. Nataka kuliona jiko langu."

Analiona. Jioni inapokaribia video imekamilika, na anaomba irudiwe mara ya tatu.

"Hilo dirisha libaki hapo hapo," anaamuru. "Mume wangu akitaka lihamishwe, namwonyesha hii."

Analipa, anaaga. Thobias anasimama, anajikung'uta suruali.

"Sawa, haikuzimika. Ila yule mnunuzi bado ananipigia, na mimi hela yangu naihitaji."

Yunisi anavuta kiti, anamkalisha. Ana wateja watatu wanaongoja, mmoja wa Kagunga, na ameshapanga malipo yao yanakwenda wapi.

"Kuuza utauza, kaka. Utauza nusu yako. Mnunuzi ni mimi."

Thobias anamtazama dada yake, kisha anatabasamu. "Haya, nikufanyie bei ya ndugu?"

"Sitaki," Yunisi anajibu. "Nakulipa bei ya yule wa magemu, senti haipungui. Nataka siku nikisema mashine hii ni yangu, pasiwe na wa kunikoholea kwamba nusu ni yake."