Laptopu Isiyokubali Kujifunza

Mtu wa kujifungia ndani kama mimi hapaswi kuwa na adui, maana atakutana naye wapi? Mimi nilipata mmoja, tena nilimnunua mwenyewe Kariakoo, nikapewa na begi la kumbebea.

Shemeji yangu, mume wa dada, ana karakana ya madirisha ya aluminiamu pale Gerezani. Vyuma vinakuja virefu, vyote urefu mmoja, ila madirisha ya watu hayalingani. Ukipanga vibaya namna ya kukata, kinachobaki hakifai hata kutundikia pazia. Nyuma ya karakana kulikuwa na lundo la mabaki, na shemeji alikuwa akilipita anageuza uso kama mtu anayepita kaburi la jamaa yake.

Mimi niliishia kidato cha nne. Hesabu nilipata C, na kwa shule yetu C ya hesabu ni ya kualikia watu pilau. Nikamwambia anipe vipimo, nitampa mpango wa kukata wenye mabaki machache kuliko yote.

"Ukiwa wapi?" akauliza.

"Nyumbani."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Nyie watu wa Pwani! Wewe ukitoka nje majirani wanauliza kuna msiba wa nani. Haya, sikiliza. Mzigo wa Buguruni tunaukata Jumatatu asubuhi. Ukileta mpango, kazi ni yako, fanya hata ukiwa kitandani. Usipoleta, unakuja kusimama dukani kwetu Kariakoo, unauza vitasa na bawaba."

"Na utaita wateja," dada akaongeza, ameshafurahi. "Kwa sauti, mdogo wangu. 'Karibu bosi, karibu mama!' Siyo hiyo sauti yako ya kumwambia paka."

Sikulala vizuri. Kuna watu wanaogopa simba. Mimi naogopa mtaa wa Kariakoo saa nne asubuhi, mtu anakusukuma na furushi la mashuka halafu yeye ndiye anasonya.

Laptopu yangu ya mtumba, ndiye yule adui, ilikuwa na programu ya hesabu ndani tayari. Muuzaji alisema mashine yenyewe ilitoka chuo fulani Ulaya, akaisifia kama binti wa kuposwa. Programu yenyewe ilijua kujumlisha na kuchora, lakini kazi yangu ilitaka zaidi: kupitia njia zote za kukata na kuchagua iliyo bora. Hiyo inahitaji nyongeza, kifurushi cha pembeni unachokipakua mtandaoni na kukipachika ndani ya programu. Ukurasa wa maelekezo ulianza na maneno "Ni rahisi sana." Nikaamini, mjinga mimi.

Ijumaa ile nilipigana nayo tangu chai ya asubuhi. Mara inadai kifurushi kingine kitangulie. Mara hicho kingine nacho kina mdogo wake. Bando la intaneti likaliwa, nikaongeza, likaliwa tena. Mchana, wali ukiungulia jikoni, maandishi yakatokea: nyongeza imekaa, tafadhali zima na uwashe kompyuta. Nikapiga vigelegele peke yangu. Nikazima. Nikawasha.

Haipo.

Siyo kwamba imeharibika. Haipo kabisa, kama haikuwahi kuja. Nikaandika jina lake, programu ikanijibu haijui ninachosema. Nikarudia kila kitu, polepole, nasoma kila neno kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba. Ikakaa. Ikaomba nizime. Nikawasha: haipo. Mara ya tatu nilianza kujilaumu. Nikasema labda ile C walinihurumia. Niliandika swali kwenye jukwaa la mtandaoni, bwana mmoja akanijibu kwamba kwake inafanya kazi vizuri. Kwake! Nilitamani aniambie kwake ni wapi nimfuate.

Jumamosi nikavaa baibui, nikafunga safari ya Kariakoo, mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Mjue nilikuwa na hasira kiasi gani.

Muuzaji alinisikiliza huku anakula embe la pilipili. Akatabasamu.

"Ah, dada'angu, hiyo imegandishwa."

"Imegandishwa nini?"

"Si ilikuwa ya wanafunzi? Kule vyuoni wanazigandisha. Mwanafunzi akiweka uchafu wake, ukizima na kuwasha inarudi kama ilivyokuwa. Safi! Virusi havikai humo. Ndiyo maana nilikwambia kazi zako uweke kwenye flashi."

"Ulisema flashi. Hukusema imegandishwa."

"Hukuuliza."

Hukuuliza! Yaani nisimame mbele ya kila kitu ninachonunua mjini nikiulize: samahani, wewe kitasa, umegandishwa?

"Igandue," nikamwambia.

"Neno la siri wanalo wenyewe Ulaya. Dawa ni kupiga window upya, tufute kila kitu tuanze mwanzo. Niachie, chukua Jumanne."

"Jumatatu asubuhi vyuma vinakatwa."

Akafikiri, akalamba kidole. "Basi weka hiyo nyongeza yako, halafu usizime."

Jamani, ule ndio ulikuwa ushauri. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi, na umeme wa mtaani kwetu unakuja kama mgeni wa heshima. Ningezima nisizime, ingezimika. Mahali pekee nilipopajua penye jenereta ni karakana ya shemeji.

Kwa hiyo Jumatatu alfajiri nilikuwa Gerezani, nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, msumeno unapiga kelele hadi meno yanawasha, napachika nyongeza upya. Ikakaa. Ikaomba nizime na kuwasha. Nikaiambia nyamaza. Nikagundua ukifunga programu peke yake na kuifungua, kompyuta usiiguse, inatosha. Nikaingiza vipimo vya Buguruni, nikabonyeza, tukasubiri. Mpango ukatoka: chuma cha kwanza mkate hivi, cha pili hivi. Mafundi wakakata. Mabaki yalikuwa vipande vifupi, shemeji akavibeba vyote kwa mikono miwili akawa anavitazama kama mtu aliyepewa mtoto.

"Shemeji," akasema, "wewe kumbe una akili. Sasa kuanzia leo unakaa hapa."

"Ulisema kazi nafanya nyumbani."

"Nyumbani umeme hakuna. Hiki kitu kinafanya kazi, kisiguswe." Akachukua kadibodi, akaandika kwa wino mwekundu USIZIME, akaibandika juu ya laptopu yangu. Yangu! Halafu akaniletea ndoo ya pili, ya kuwekea miguu, akadhani amenifurahisha.

Nilikaa pale wiki nzima. Vumbi la aluminiamu kwenye ushungi, kwenye chai, kwenye kope. Dada akipita anasema, "Mfanyakazi wetu wa ofisini, hujambo?" Kila nikisema niipeleke ikapigwe window, shemeji anakuja juu: ikiharibika je? Jumatatu nitakata nini? Nilishinda ile kazi, halafu nikapokonywa kile kilichonifanya niitake.

Jumamosi mchana alipokwenda kula, nikang'oa kadibodi. Nikashika swichi. Mafundi wakaacha msumeno, wananitazama.

"Dada, bosi amesema..."

"Bosi aje aniambie mimi."

Nikazima. Nikaibeba hadi Kariakoo nasukuma watu, na safari hii wao ndio walisonya kwa haki. Muuzaji akaanza: Jumanne, foleni, kijana hayupo. Nikakaa kwenye kiti chake mwenyewe. Wateja wakaja, mimi sijainuka. Akajua sitainuka. Akapiga window huku amesimama, na kazi yenyewe, nawaapia, iliisha kabla sijamaliza sahani ya chipsi niliyoiagiza pale pale kwenye meza yake.

Nyumbani nikapakua programu upya, nikapachika nyongeza, nikazima, nikawasha. Ipo. Nikazima tena kwa ubishi. Ipo. Badala ya kufurahi nilitukana, matusi ambayo mama hajui kama ninayajua. Wiki nzima ya vumbi, kwa kazi ya sahani moja ya chipsi!

Simu ikalia. Shemeji. Hakusalimia.

"Mashine iko wapi?"

"Nyumbani. Na mimi niko nayo."

"Na mpango wa Jumatatu?"

"Nitumie vipimo. Ukiwa tayari njoo uuchukue. Ghorofa ya nne, lifti hakuna."

Akasonya. Baada ya muda vipimo vikaingia kwenye simu.