Kosa la Ukurasa wa Arobaini

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya steshenari moja hapa Songea. Mbele yangu kijana mmoja, mwalimu wa tuisheni mtaani kwetu, alikuwa anatoa kopi ya kitabu kizima cha hesabu.

"Dada, ukurasa wenye onyo la kunakili uruke," akamwambia mhudumu. "Halafu nichapie jalada lenye jina langu, chini uandike haki zote zimehifadhiwa. Mji huu watu wezi sana."

Damu ikanichemka. Mama mmoja mtu mzima nyuma yangu akasogea, akaokota karatasi moja mashineni, akaisoma.

"Shikamoo, mama," kijana akasema.

"Marahaba. Kitabu ni chako?"

"Changu. Si nimekilipia kopi?"

Jamani! Ukilipia kopi umenunua karatasi na wino. Kitabu kinabaki cha aliyeumiza kichwa kukiandika.

"Basi ukurasa wa arobaini kuna jibu nililokosea wakati nakiandika," mama akasema taratibu. "Nirekebishie, mwanangu."

Kijana akaufungua ukurasa ule, akaanza kuhesabu kwa vidole. Niliondoka pale bado analitafuta kosa kwenye kitabu chake.