Kiwanja Chake, Kodi Yetu

Kabla sijasema neno juu ya kile kiwanja, ijulikane kwamba mabati ya kwanza kuonekana kwenye kilima chetu, pale juu ya soko la Kebirigo, yalikuwa yangu. Shule ilinishinda darasa la tatu. Nilianza kwa kubeba mikungu ya ndizi kichwani, nikaja nikapata baiskeli, nikaja nikapata mashine ya kusaga. Uhuru ulipoingia, mashine yangu ilikuwa ikinguruma mpaka watu wa ng'ambo ya mto wanajua saa ya kusonga ugali. Sikusaidiwa na mtu. Kama yuko aliyenisaidia ajitokeze. Mpaka leo hajajitokeza.

Sasa, nilikuwa na mwenzangu mmoja. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukalala nyumba moja tukingoja kupona, kwa hiyo kati yetu hakuna adabu ya uongo. Namtukana anacheka, ananitukana nacheka. Lakini huyo mtu alinisumbua maisha yangu yote. Mimi nikinunua mashine, yeye ananunua lori. Nikipaka duka rangi, yeye anafungua pampu ya petroli Kisii mjini. Mke wangu akishona gauni la kanisani, mke wake anakuja na kofia. Nilikuwa nikisikia lori lake likipanda mlima, naisukuma sahani kando.

Miaka ya sabini ilipoanza akaja na jambo jipya. Kwetu ardhi tambarare ni kitu cha kutafuta. Hata ng'ombe anakula akiwa amejiegemeza. Yeye shamba lake la kando ya barabara lilikuwa tambarare, basi akang'oa mahindi, akapanda nyasi, akasimamisha magoli, akaunda timu ya mpira. Jumapili watu wakitoka kanisani wanapita mbele ya duka langu kama wanapita kaburi, wanakimbilia kwake.

Hapo ningevumilia. Lakini akataka jukwaa lenye paa, na ukuta, na geti, na hakutaka kutoa mfukoni. Diwani wetu, ambaye alikuwa akiendeshwa bure kwenye lile lori, akaitisha baraza pale sokoni, chifu akiliongoza, akatangaza kwamba kaunsil itajenga kwa kodi ya soko. Na jukwaa litaandikwa jina la mwenye kiwanja.

Hiyo kodi ya soko inatoka kwa akina mama. Wanalipa asubuhi kabla hata kikapu hakijagusa chini, na mvua yetu ya mchana ikija wanajibana chini ya upenu wa duka langu. Paa la soko waliahidiwa zamani. Siku ile ya baraza, mama mmoja wa omena, wale dagaa wakavu, ametoka upande wa ziwa, alikuwa amekaa karibu nami akifunika mzigo wake kwa gunia. Omena ikinyeshewa ni ya kumwaga. Akaniambia polepole, "Mzee, hilo paa letu ndilo linaenda kwa mpira?"

Diwani akasema, "Kiwanja hiki ni cha watu wa Kebirigo wote!" Makofi.

Nikasimama. "Chifu, nina swali dogo."

"Uliza, mzee, lakini lisiwe hotuba." Watu wakacheka.

"Siku ya mechi, pale getini anakaa nani kukata tiketi?"

Mwenzangu akajibu mwenyewe. "Nakaa mimi. Ulitaka akae bibi yako?" Wakacheka zaidi.

"Na hela ya geti inalala kwa nani?"

"Mosani," akasema, maana yake rafiki, "wewe una wivu. Tangu tuko wagonjwa kule jandoni ulikuwa unachungulia bakuli langu la uji."

Baraza lote likaanguka kwa kicheko, mpaka chifu. Nikangoja wamalize.

"Wivu ninao, sikatai. Lakini wivu wangu haujawahi kula kodi ya mtu. Wazee wako hapa. Baba zetu walipotoa ardhi ya shule, na ya josho la ng'ombe, walifanyaje? Mtu aling'oa mkonge wa mpaka kwa mikono yake, akaupanda upya nyuma ya kipande alichotoa, watu wakiona. Ndipo ardhi ikatoka kwake. Mkonge wako uko pale barabarani. Ung'oe, uupande nyuma ya magoli. Ukimaliza, mchango wa kwanza wa jukwaa natoa mimi."

Nilisema kwa sauti kubwa, lakini niliogopa. Ninajua anavyopenda sifa. Angeweza kung'oa kweli, nami ningelipia jina lake likae juu ya kichwa changu mpaka nife.

Akaomba jembe. Baraza zima likamfuata mpaka barabarani. Akapiga mkonge wa kwanza, udongo ukaruka. Akapiga tena. Kisha akasimama, akaangalia nyasi zake, magoli yake, akavuta pumzi.

Mzee mmoja wa ukoo wake akamuuliza, "Unang'oa ama hung'oi?"

Akaegemeza jembe kwenye shina. "Shamba ni la watoto wangu."

"Basi watoto wako wakujengee!" akasema yule mama wa omena kutoka nyuma, na safari hii hawakuwa wakinicheka mimi.

Diwani hakutaja jukwaa tena. Paa la soko lilikuja, lilichelewa lakini lilikuja, na anayesema lilikuja bila mimi hakuwepo. Hata hivyo hakuna aliyeandika jina langu mahali popote. Akina mama wanasema ni kaunsil.

Mwenzangu naye akauza shamba la chai aliloacha baba yake upande wa Masimba, akajenga jukwaa mwenyewe. Siku ya kufungua nilikwenda. Alikuwa getini, kweli, amevaa koti. Nikatoa hela yangu, akachana tiketi pole pole ili watu waone.

"Karibu, mosani. Hili sasa uliza swali lolote."

Nikapanda nikakaa. Mbao zilikuwa zimepigwa randa vizuri, mabati mazito, hakuna tundu hata moja, na watu waliimba jina lake mpaka jua likashuka. Nilikagua lile jukwaa lote kwa macho, juu mpaka chini, na hapakuwa na msumari hata mmoja ambao ningeweza kudai kwamba aliununua kwa jasho la mtu mwingine.