Miche ya Umuganda Katikati ya Uwanja

Sisi tuliokulia Rwezamenyo kabla ya kila mtoto kuwa na simu tunajua mpira ulivyokuwa. Wetu ulikuwa wa majani makavu ya migomba uliofungwa kamba, na ukilowa mvua, aliyeupiga kichwa alikaa chini kwanza. Tulicheza wasichana kwa wavulana mpaka mama zetu walipotuita kwa sauti ile ya mwisho, ambayo ukiisikia hujibu, unakimbia. Mtoto wa leo akiguswa na vumbi anatafuta kitambaa cha kupangusia viatu. Nawapenda, lakini jamani.

Uwanja wa mtaa wetu ulikuwa wa udongo mwekundu, umeinamia bondeni, na ndio uliokuwa uwanja wa timu ya wanaume ya chuo kikuu. Chuo chenyewe kilikuwa kilimani, hakina mahali tambarare pa kusimamisha hata goli moja, kwa hiyo wanafunzi waliianzisha timu yao kwetu. Jezi zao za kwanza alizishona Baba kwa cherehani yake, kwa kitambaa cha njano kilichobaki kwenye mapazia ya harusi. Zilikuwa na joto la ajabu, na kila zikifuliwa zilifupika. Kaka yangu mkubwa, Hamadi, mtu wa kwanza nyumbani kwetu kuingia chuo kikuu, alikuwa mshambuliaji wao. Mama alizoea kusema, "Huyu tulimutuma kusoma, yeye anatuletea matope." Alisema hivyo huku akiianika jezi upande wa barabarani, majirani waione.

Tatizo ni kwamba timu ilikuwa haishindi. Msimu wa tatu wakubwa wa chuo walichoka, wakasema wazi kuwa ikishuka daraja inavunjwa. Ikabaki mechi moja, ya nyumbani, na sare tu ingetosha. Wiki ile Hamadi alikuwa akiizungusha isombe ya Mama, mboga ya majani ya muhogo, kwa kijiko bila kula. Darasani alikuwa mtoto wa fundi cherehani kati ya watoto wa wakubwa, hakuna aliyemjua. Pale uwanjani ndipo watu walipolipigia kelele jina lake, na timu ikifa, hilo nalo lingekufa.

Mechi iliangukia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Asubuhi maduka hufungwa, kila mtu anatoka na jembe kufanya kazi ya mtaa, kisha kunakuwa na mkutano, halafu ndipo shughuli nyingine zinaendelea. Wachezaji walikwenda kufanya umuganda wao chuoni. Sisi tuliletewa lori la miche ya miti, tuipande kuuzunguka uwanja ili mvua isiendelee kuubeba udongo. Tulipanda kwa moyo wote. Kando zote zikajaa, na lorini miche bado imesongamana.

Hapo tukafanya kosa ambalo watu wa kwetu tu wanaweza kulifanya. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kurudisha miche ya umuganda. Ingeonekana mtaa wetu ni wa wavivu. Mkuu wa mtaa, Mama Zuhura, ambaye aliuza sambusa na kuongoza watu kwa sauti ileile, alilitazama lori, akautazama uwanja uliokaa wazi, akasema, "Mistari inyooke." Tukainyoosha. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshauliza habari za mechi. Mimi nilipanda mche wangu penye alama ya penalti na kuumwagilia vizuri.

Timu iliporudi mchana tulikuwa mkutanoni, tunapongezana. Hamadi alisimama mbele ya shamba lile, mpira kwapani. Hakugomba. Alikaa chini akajifunika uso kwa jezi, na mimi nikaanza kulia bila hata kuelewa sawasawa nimefanya nini.

Basi la wageni likafika. Sheria kila mtu aliijua: pasipo uwanja, wageni wanapewa pointi, na timu yetu imekwisha. Kapteni wao, kijana mrefu, aliitazama ile mistari ya miche, akacheka mpaka akashika mlingoti wa goli. Kisha akamwona Hamadi, kicheko kikamwisha.

"Sikiliza, ndugu yangu," alimwambia. "Hatukukuja huku kukula pointi ya miti. Na sisi asubuhi tulikuwa umuganda, mikono iko chafu bado. Majembe iko wapi?"

Watu wote wakamgeukia Mama Zuhura, maana kung'oa miti iliyopandwa siku hiyohiyo hakuna aliyethubutu kwa kauli yake mwenyewe. "Miti hatung'oi," alisema. "Tunaihamisha. Na udongo yake, polepole, kama munabeba mtoto."

Akapiga magoti yeye wa kwanza, na kitenge chake kizuri. Timu zote mbili, na Baba, na mwamuzi mwenye filimbi mdomoni, na sisi watoto, tulichimbua kila mche na bonge lake la udongo, tukaupeleka kando ya njia ya shule. Mashimo tuliyafukia na kuyakanyaga kwa kuimba. Mpira ukachezwa. Wageni walitangulia kufunga. Karibu na mwisho mpira uligonga shimo lililofukiwa haraka, ukamruka beki wao, Hamadi akaupiga, tukasawazisha. Nimehudhuria harusi nyingi tangu siku ile, sijaona furaha kama ile.

Timu iko hai mpaka leo. Ina uwanja wa nyasi bandia, na kapteni wake ni Idi, mtoto wa Hamadi, kijana anayeshuka kwenye basi na vipokea sauti masikioni na viatu vya rangi ya peremende. Nilipomsimulia kisa hiki aliniuliza, "Lakini shangazi, sheria si iliwapa pointi? Kwa nini hawakuchukua?" Nilikasirika. Nikaanza kuandaa hotuba ndefu kuhusu kizazi chake.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatazama. Basi la wageni liliharibikia Nyabugogo, saa ya mchezo ikapita, na muda wa kuwasubiri nao ukaisha. Mwamuzi akamwita Idi, nami nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia.

"Pointi ni zenu. Tufunge mchezo?"

"Hapana, mzee. Tunawangoja."

"Unajua munaweza kupoteza?"

"Ninajua. Ariko... lakini tulikuja kucheza."

Waliwangoja. Wageni walifika na pikipiki za abiria, mmojammoja, wakihema, na jua limeanza kupoa. Wakacheza, na akina Idi wakafungwa. Alipita mbele yangu amenuna, anajiuliza kama alikosea. Nilimkumbatia na jasho lake lote, nikamwambia hakukosea.

Hotuba yangu niliimeza. Enzi zetu zilikuwa tamu, na bado nazililia. Ila jioni ile, kwa mara ya kwanza, nilitamani kuwa wa rika lake.