Mwizi wa Lengalenga

Kwanza niseme kwamba mimi sikula. Nasema mapema kwa sababu hapa kwetu Musaga habari ikitoka uani mpaka ifike barabarani inakuwa imeshaota mkia, na tayari nimesikia watu wakisema eti Mama Chance alikula mboga za jirani. Mama Chance ni mimi, na Jumamosi ile mikono yangu ilikuwa ndani ya beseni la sabuni tangu saa nne.

Jirani mwenyewe ni Valéry, baba yake Orlane. Tunatumia ua mmoja, mlango wake unautazama wangu. Anafanya kazi bandarini, ni pointeur: meli ikija na saruji kutoka Kigoma, yeye husimama na kalamu anahesabu mfuko mmoja mmoja unaposhuka. Karatasi ikisema mia tatu, lazima ishuke mia tatu. Ukipungua mmoja, siku hiyo hakuna mwenye amani gatini. Ni mtu mwema, halewi wala hagombani, lakini na nyumbani anaishi vilevile. Hata njiti za kiberiti nadhani anazijua idadi. Na kila mkewe Spès aliporudi sokoni amekumbatia mafungu ya lengalenga, yaani mchicha, lazima amtanie: "Mama Orlane, tunafuga mbuzi?" Spès hucheka tu, akapita zake ndani.

Mwezi uliopita Spès alipata kazi kwenye duka la mikate mjini. Alikuja kuniambia viatu vikiwa mkononi, maana alikuwa amekimbia kutoka barabarani. Nilifurahi kama nimeajiriwa mimi. Shida ilikuwa mtoto. Orlane ana mwaka mmoja na nusu, na mtu pekee wa kumlea alikuwa mama yake Spès, Bibi Candide wa Gitega. Bibi akaja, lakini alikuja kama hakimu. Ujanani aliuza ndizi hapahapa Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili anacho, na ulimi anao pia.

"Mi sikatai kazi," alitwambia sote tukiwa tumekaa. "Lakini mwanamuke akitoka, nani anapika? Mi nalea mutoto, silei mwanaume. Jumamosi Spès aende kujifunza hiyo kazi, mukwe apike mboga ya muchana. Nikiona nyumba inasimama, nabaki. Isiposimama, gari ya saa tisa iko."

Begi lake akaliweka kando ya mlango, limefungwa zipu. Bila yeye, Jumatatu Spès asingekwenda popote.

Mtihani wenyewe ulikuwa mwepesi. Hatusemi isombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga na kuchemsha mpaka mgongo uume. Ni lengalenga, mboga ya robo saa! Wali na maharagwe Spès alikuwa ameviacha vimeiva. Valéry akanunua mafungu matatu kwa mama wa pale kona, akayachambua, akayaosha kwa maji matatu, akayasindilia kwenye sufuria juu ya mbabula ya makaa. Majani yakapanda kupita ukingo, kifuniko kikakaa upande kama kofia ya mlevi. Akatia chumvi kulingana na ule mlima, nami nikaguna. Kisha akaenda dukani kununua kitunguu na mawese.

Aliporudi akafunua sufuria. Akafunika. Akafunua tena.

"Mama Chance, nani amepita hapa?"

"Sijaona mutu."

"Iko manquant." Hilo ndilo neno lao la bandarini mzigo ukipungua.

"Manquant ya nini?"

"Ya lengalenga! Ilikuwa imejaa mpaka hapa." Akaonyesha kwa kalamu. "Sasa haijazi hata mukono."

Ningemwambia. Nani asiyejua kwamba lengalenga zikiona moto hunywea? Neno lilikuwa limeshanifika mdomoni. Lakini yule bwana akanitazama meno. Meno yangu! Alikuwa anatafuta kijani. Nikasema moyoni, haya, mwenye hesabu na ahesabu mwenyewe, nikaendelea kufua shuka langu kwa hasira.

Macho yake yakahamia mkekani. Bibi Candide alikuwa amempakata Orlane, na alikuwa anatafuna. Zilikuwa karanga, nilimpa mimi mwenyewe. Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe ni watu wa kuheshimiana kwa mbali. Zamani hata kula mbele yake mkwe aliona haya. Kumwuliza kama amedokoa chunguni ni jambo ambalo sijawahi kulisikia tangu nizaliwe.

Valéry akainama, viganja vimekutana. "Mama, musamehe. Hapa jikoni... hamukuona kitu kimepita?"

Bibi akaacha kutafuna. "Kitu gani?"

"Kitu cha... kula mboga."

Shuka likaniponyoka. Bibi akamtazama mkwewe, akaitazama sufuria, halafu akalitazama begi. Nikamkumbuka Spès na viatu vyake mkononi, nikaona aibu. Kazi ya rafiki yangu ilikuwa inapotea kwa sababu mimi nimenuna! Nikafungua mdomo niseme, lakini Bibi akaninyooshea kidole kidogo tu, nikaufunga.

"Labda ni paka," akasema. "Nenda ununue zingine. Na safari hii, mukwe, usitoke. Chunga."

Akaenda mbio, akaleta mafungu matatu yaliyobaki kwenye beseni la yule mama. Akayatia juu ya yale ya kwanza, akavuta kigoda, akakaa. Sufuria wazi, kalamu sikioni, macho hayapepesi. Paka angepita siku hiyo, angejuta. Mimi na Bibi hatukutazamana, maana tungeangua kicheko.

Dakika mbili, tatu. Mlima ukaanza kushuka.

"Mama wee!" Valéry akaruka. "Zinashuka zenyewe!"

Hapo nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye maji ya sabuni. Yeye hakucheka. Akaenda kupiga magoti mbele ya mkeka. Bibi hakumpa hata nafasi ya kuanza.

"Zitaungua," akasema. "Tia kitunguu."

Spès akafika saa saba na nusu, ananukia mkate. Nikaalikwa nami. Akaonja mboga. Chumvi ilikuwa imekaa sawasawa, yale mafungu ya pili yaliiokoa.

"Ni tamu," akasema. "Umetia mafungu mangapi?"

"Sita."

"Ndiyo zangu za kila siku."

"Najua. Leo ndiyo najua." Valéry hakuinua uso. "Miaka mine nakuuliza kama tunafuga mbuzi. Mi nilihesabu yenye kuingia kwa mulango tu. Unisamehe."

Spès, ambaye siku zote hucheka na kupita, safari hii hakucheka. Macho yalimjaa machozi, akajifanya anapuliza wali.

"Na iko ingine," Valéry akasema. "Nilimushuku mama."

Kijiko cha Spès kikaanguka. Bibi Candide akaendelea kula taratibu mpaka sahani ikabaki nyeupe, akaisukuma mbele.

"Mama Chance, niletee begi yangu."

Nikalileta. Akalifungua zipu, akapekua, akatoa kitenge. Akainama, akamweka Orlane mgongoni, akafunga fundo kifuani na kulikaza.

"Jumatatu uende kazini," akamwambia binti yake. "Mutoto nitachunga mi. Na sufuria pia, maana nasikia hapa iko mwizi."